Tarabushi na Fimbo: Maleba ya Kiume katika Ngoma ya Saka ya Wataita

1.0 Utangulizi

Saka ya wanawake wa Taita imejadiliwa na wasomi wengi ambao hawakupata kuiona. Grace Harris, aliyeishi miongoni mwa Wataita mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliichapishia makala katika jarida la American Anthropologist mwaka 1957. Tangu hapo kurasa zake chache zimekuwa chemchemi ambamo kila mwananadharia wa mambo ya pepo huteka maji yake. I. M. Lewis aliteka mwaka 1966 na tena mwaka 1971. Peter Wilson akamjibu mwaka 1967. Na baada yao wamefuata wengine ambao kwao saka ni aya moja tu kati ya mifano ya Wasomali, Wasudani na Wahausa. Katika safari hiyo ndefu, jambo moja lililo wazi katika maelezo ya asili limeendelea kutajwa bila kuchunguzwa: kwamba wanawake hawa walipocheza walivaa na kushika vitu vya wanaume.

Makala hii inachukua jambo hilo kuwa kiini chake. Inaisoma saka kama utendaji, kwa zana ambazo mhakiki wa fasihi simulizi huzitumia kila siku, yaani maleba, sauti, hadhira na muktadha, na kuuliza maleba hayo ya kiume yalikuwa na dhima gani. Swali hili si la kupitisha muda. Tangu Mahakama Kuu ya Kenya ilipotoa uamuzi wake kuhusu vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu mwaka 2019, na hasa baada ya uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Februari 2023 kuhusu haki ya kuandikisha shirika, mila za kale zimeitwa mahakamani, bungeni na makanisani kutoa ushahidi. Upande mmoja hudai kwamba Mwafrika hakupata kujua mtu anayevuka mpaka wa jinsia. Upande mwingine hudai kwamba kila kabila lilikuwa na kuhani wa namna hiyo. Pande zote mbili husoma kwa haraka. Saka ni mtihani mzuri wa usomaji kwa sababu haimpi ushindi hata mmoja wao.

2.0 Saka kama ilivyoandikwa

Kwa mujibu wa Harris, saka ilihesabiwa na Wataita kuwa maradhi ya moyo. Iliwapata wanawake, hasa walioolewa, na katika baadhi ya maeneo ya milimani idadi yao ilifikia karibu nusu ya wake wote. Shambulio lilianza kwa kutetemeka: kiwiliwili cha juu kikitikisika, kichwa kikienda kasi zaidi, na pengine mwanamke akitoa sauti ambazo wasikilizaji walizichukulia kuwa ni za lugha ya kigeni. Kilichoanzisha shambulio kingeweza kuwa kitu kidogo mno, kama vile mlio wa gari, kijiti cha kiberiti kikiwashwa, au harufu ya sigara. Na mara nyingi mgonjwa alidai kitu. Alitaka sukari, alitaka ndizi, alitaka nguo. Yuko aliyetaka maji yaliyofuliwa nguo za mumewe.

Tiba zilikuwa namna tatu. Mgonjwa alipewa alichokitamani, akinywe, akile au akivae. Au alichezewa ngoma. Au aliingia Ukristo. Katika ngoma ndipo palipoonekana tarabushi nyekundu na fimbo ya kiume, na mwanamke ambaye jana alikuwa akipalilia shamba la mumewe akasimama mbele ya watu katika vazi la mwanamume.

Ili maelezo haya yaeleweke, inafaa kuyaweka kando ya kitabu cha mwandishi huyohuyo, Casting Out Anger, kilichotoka mwaka 1978. Humo Harris anaieleza dini ya Wataita kwa tendo moja la msingi, kutasa: kutia pombe, maji au juisi ya miwa kinywani, kuipuliza nje na kutamka maneno ya dua, ili hasira iliyomo moyoni itoke na yule aliyekerwa, awe mtu, mzimu au Mungu, aridhike. Hasira isiyotolewa huleta ugonjwa. Wanawake nao walitasa katika mambo yaliyowahusu, lakini madhabahu makubwa ya ukoo, pamoja na fighi zilizolinda nchi, yalikuwa chini ya wazee wa kiume. Yapasa kutambua hapa kwamba moyo ndio uwanja wa yote mawili. Mzee akitasa, moyo husafishwa kwa kinywa na kwa maneno yaliyopangwa. Mwanamke akishikwa na saka, moyo huohuo husema kwa mwili mzima, na maneno yakitoka hutoka yamevurugika. Ni ajabu kidogo kwamba vitabu vya nadharia vimeitenganisha saka na kutasa kana kwamba ni mambo ya makabila mawili.

3.0 Alama za mtajo na kiwakilishi

Anwani ya makala ya 1957 ina neno histeria, na neno hilo limefungwa katika alama za mtajo. Alama hizo ni sehemu ya maana. Harris hakusema kwamba wanawake wa Taita walikuwa na histeria. Alisema kwamba lipo jambo ambalo wenzake katika vyuo vya Ulaya na Marekani wangeliita hivyo. Waliomnukuu baadaye hawakuwa waangalifu kiasi hicho. Alama za mtajo zilipodondoka njiani, mwanamke wa Taita akageuka mgonjwa kweli, na ngoma yake ikawa dalili badala ya kuwa kazi ya sanaa. Mhakiki aliyezoea kufuatilia jinsi hadithi inavyobadilika kutoka kwa fanani mmoja hadi mwingine atalitambua jambo hili mara moja: nadharia nayo ina wasimulizi wake, na wasimulizi husahau.

Kuna jambo la pili la kiisimu ambalo ni zito zaidi. Kiingereza kwa kawaida humtaja mtu katika nafsi ya tatu umoja kwa kutangaza kama ni wa kike au wa kiume. Kila sentensi ya Harris kuhusu mchezaji wa saka kwa hiyo inamrudisha msomaji kwenye uke wa mchezaji, hata pale ambapo tarabushi iko kichwani na fimbo iko mkononi. Kidawida hakifanyi hivyo, wala Kisagalla, wala Kiswahili. Katika lugha hizi za Kibantu kiambishi cha nafsi ni kimoja kwa wote. Anacheza, anatetemeka, amevaa. Mtazamaji wa Wundanyi au Mgange aliyesema jirani yake anacheza hakulazimika kuamua, katika sarufi, ni nani hasa aliyekuwa akicheza wakati huo: mke wa fulani, au yule aliyeletwa na ngoma. Sarufi ilimruhusu aliache swali wazi. Tafsiri ya Kiingereza ililifunga kabla halijaulizwa.

Hii haina maana kwamba Wataita hawakujua tofauti ya mwanamke na mwanamume. Waliijua kupita kiasi, kama mgawanyo wa ardhi, mifugo na madhabahu unavyoshuhudia. Ina maana tu kwamba mpaka ule ulichorwa na kazi, mali na mavazi zaidi ya kuchorwa na kiwakilishi. Ndiyo sababu vazi lina nguvu.

4.0 Vita vya nyumbani?

Harris mwenyewe aliieleza saka kwa mgawanyo huo wa mali. Mwanamke wa Taita alilima, akalisha nyumba, lakini hakumiliki ardhi wala mifugo kwa haki yake. Na fedha zilipoingia kwa njia ya ajira, zilipitia mikononi mwa wanaume waliokwenda Voi, Mombasa au mashamba ya mkonge. Wanaume walidai kwamba mwanamke hana kichwa cha mambo ya ardhi na ng'ombe. Katika saka mwanamke alitamani vile alivyonyimwa, na kwa muda wa ngoma alivipata. Lewis aliichukua hoja hii akaipanua: saka ikawa mfano mmojawapo wa dini za pembezoni, ambamo wanyonge hutumia pepo kama silaha ya kuwabana wenye nguvu bila kuwakabili uso kwa uso. Mume hawezi kumkatalia pepo kanga aliyomkatalia mke.

Wilson hakuridhika. Kwake mashindano makali hayakuwa kati ya mke na mume bali kati ya watu wa jinsia moja, wake kwa wake, na pepo aliwapa hadhi ambayo ndoa haikuwapa kwa uhakika. Linda Giles, akiandika katika jarida la Africa mwaka 1987 kuhusu pwani ya Waswahili, alikwenda mbali zaidi na kuitilia shaka fikra nzima ya pembezoni: katika vilinge vya pwani wamo wanaume, wamo watu wenye heshima zao, na mambo ya pepo yamo ndani ya utamaduni, hayako ukingoni.

Mjadala huu una faida, lakini wote walioshiriki wanauliza swali moja, yaani mwanamke alipata nini. Sukari, kanga, hadhi, mapumziko. Maleba ya kiume yanahesabiwa kuwa bidhaa nyingine katika kapu hilohilo. Hapo ndipo uchambuzi wao unapokuwa hafifu. Sukari huliwa ikaisha. Tarabushi haikuliwa, wala mwanamke hakuivaa kwenda nayo shambani kesho yake. Ilivaliwa mbele ya hadhira, kwa mdundo, kwa muda uliojulikana, kisha ikavuliwa. Kitu kinachovaliwa namna hiyo katika fani yoyote ya maonyesho huitwa maleba, na maleba huuliza swali jingine: anayeyavaa anakuwa nani?

Kusita kwa wanaanthropolojia kulitumia neno hili kuna historia yake. Ruth Finnegan, katika kitabu chake cha 1970 kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, alikuwa na shaka kama drama kwa maana kamili ilipatikana katika matambiko ya Kiafrika, na wahakiki wa Afrika Mashariki wamemjibu kwa miongo kadhaa. Majibu yao, hata hivyo, yameegemea jando, mivigha ya kutawaza na ngoma za vita. Katika tamthilia andishi hali ni hiyohiyo. Aliyepagawa maarufu kuliko wote katika fasihi ya Kiswahili ni Kinjeketile wa Ebrahim Hussein (1969), mwanamume, na pepo wake Hongo anakuja na siasa ya taifa. Mwanamke aliyepagawa kwa sababu ya harufu ya sigara ameachiwa wanaanthropolojia.

5.0 Mwanamume yupi?

Tuitazame tarabushi. Si vazi la kale la mwanamume wa Dawida, Sagalla au Kasigau. Ni kofia ya pwani, ya Mwislamu wa mjini, na ni kofia ya serikali, kwa kuwa askari wa KAR waliivaa. Ilipanda milimani kwa njia zilezile zilizoleta kiberiti, sigara na gari: njia ya misafara kwanza, kisha reli iliyopita Voi mwishoni mwa karne ya 19, kisha tawi la Voi kwenda Taveta lililojengwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Voi si jina la kupita tu katika habari hii. Ndipo mahali ambapo mtu wa milimani alishuka akakutana na dunia ya mishahara, na mara nyingi aliyeshuka alikuwa mwanamume.

Ikiwa hivyo ndivyo, basi mwanamke wa saka hakujivika vazi la mumewe. Alijivika vazi la mwanamume ambaye mumewe pengine naye alitamani kuwa: mtu wa pwani, mtu wa serikali, mtu wa lugha ya kigeni. Sauti zisizoeleweka alizotoa zinapatana na kofia aliyovaa. Fimbo, kwa upande mwingine, ilikuwa ya nyumbani, chombo cha mwanamume anayesimama mbele ya wenzake akasikilizwa. Mwilini mwa mchezaji mmoja vilikutana kwa hiyo uanaume wa aina mbili, wa mlimani na wa njia kuu, na hakuna mume hata mmoja wa Taita aliyeweza kuwa navyo vyote kwa ukamilifu katika siku za ukoloni.

Usomaji huu unaidhoofisha hoja ya vita vya nyumbani. Mume anayetazama hatazami picha yake. Anatazama picha ya mtu aliyemzidi. Na unaonyesha kwa nini mpaka wa jinsia na mpaka wa ugeni vilivukwa kwa hatua moja. Pwani hali inafanana: katika vilinge vya Unguja, kama Kjersti Larsen alivyoonyesha katika kitabu chake cha 2008, pepo wa kiume hupanda wanawake na pepo wa kike hupanda wanaume, na pepo hawa wana makabila, dini na lugha zao. Istilahi ya Kiswahili ni makini sana hapa. Mtu aliyepandwa huitwa kiti. Kiti kina umbo lake na aliyekikalia ana lake. Hakuna anayemchanganya sultani na kiti chake, ingawa kwa wakati ule heshima hupewa vyote viwili. Lakini kiti si kitu kisicho na historia, na aliyekaliwa leo hutazamwa kesho kwa macho yanayokumbuka.

6.0 Kuhusu orodha

Tangu miaka ya 1990 zimechapishwa ng'ambo orodha za dini za kimapokeo zenye makuhani wanaovuka jinsia, na Kenya haikosi humo. Mfano unaotajwa sana ni mugwe wa Wameru. Orodha husema alivaa nguo za kike, na pengine kwamba aliolewa. Msomaji anayerudi kwenye kitabu cha Bernardi cha 1959, na kwenye makala ya Rodney Needham ya 1960 iliyokitegemea, anakuta hoja iliyojengwa juu ya mkono wa kushoto wa mugwe: mkono mtakatifu, ambao Needham aliuunganisha na upande wa kike katika mfumo wa taashira. Kati ya taashira ya kike na vazi la kike kuna umbali, na umbali huo haupaswi kurukwa kwa sababu tu matokeo yanapendeza. Shauku ya kupata wahenga inaeleweka kwa watu wanaoambiwa kila siku kwamba hawana wahenga. Lakini mhenga aliyepatikana kwa usomaji mbaya hawezi kumtetea mjukuu wake kwenye mjadala wowote mkali.

Saka ikiingizwa katika orodha kama hizo itaharibiwa vivyo hivyo. Hakuna chochote katika maandishi ya Harris kinachoonyesha kwamba mwanamke wa saka alijihesabu, au alihesabiwa, kuwa mwanamume ngoma ilipokwisha. Linganisha na Wanandi. Regina Oboler, katika makala yake ya 1980, alieleza jinsi mwanamke anayemwoa mwanamke mwenziwe ili apate mrithi anavyosemwa na jamii kuwa ni mwanamume, kisheria na kwa kudumu, hata kama mwenendo wake wa kila siku haubadiliki sana. Huko jamii inatamka neno na kuacha vazi. Taita ilitoa vazi na kuacha neno.

Hata hivyo, wale wanaodai kwamba hapakuwa na lolote nao wanapaswa kueleza jambo gumu. Jamii iliyowanyima wanawake ardhi na mifugo iliruhusu, katika baadhi ya vijiji, karibu nusu ya wake zake wasimame hadharani katika mavazi ya kiume, na waume ndio waliogharimia ngoma. Wapo wanaume walionung'unika kwamba baadhi ya wake walijisingizia. Manung'uniko hayo yalihusu ukweli wa ugonjwa, wala hayakuwa juu ya kofia. Kuvuka kulikuwa na mahali pake panapotambulika, na waliolipia mahali hapo hawakukuona kuwa ni kufuru.

7.0 Tiba ya tatu

Ngoma za kutuliza waliopagawa hazijatoweka kabisa Taita. Mwazindika, pamoja na ngoma zake ndefu, huchezwa hadi leo, na sasa huonekana pia katika matamasha na sherehe za serikali, ambako hadhira hupiga makofi na hakuna anayetarajiwa kupona. Kuhamishwa huko kutoka kilingeni hadi jukwaani kumeshapata wachambuzi wake na si lazima kurudiwa.

Kisichochunguzwa vya kutosha ni tiba ya tatu aliyoitaja Harris. Misheni ya CMS ilifika Sagalla mwaka 1883 kupitia J. A. Wray, na Wakatoliki wakajenga Bura mwaka 1892. Kufikia miaka ya 1950 kanisa lilikuwa tayari ni njia inayotambulika ya kumalizana na saka. Mwanamke aliyebatizwa alitarajiwa asishikwe tena. Wamisionari walilieleza jambo hili kwa ushindi wa imani, na wananadharia kwa ushindi wa elimu na maendeleo. Kwa mtazamo wa utendaji, lakini, mambo mengi yalibaki palepale: jina jipya, nyimbo, lugha ya kigeni iliyosomwa kutoka kitabuni, kundi la wanawake linalokutana bila waume, na, katika vyama vya akina mama wa kanisa, sare. Mwanamke alipewa tena maleba na hadhira. Tofauti ni kwamba sare hiyo ni ya mke na mama, na hushonwa ili ithibitishe kwamba ndivyo alivyo. Tarabushi ilibaki kichwani mwa askari mpaka naye alipobadilishiwa kofia.